Ubeti Niliomsingizia Marehemu

Kila asubuhi, nikishateka maji bombani na kumpa ng'ombe majani makavu, nilikuwa nakaa karibu na jiko na kuandika mashairi nyuma ya daftari la hesabu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mashairi yenyewe yalikuwa mabaya, nakiri: mwezi ulilia, waridi likalia, hata punda wa jirani alilia. Lakini nayakumbuka kwa hamu, kwa sababu yote yalimhusu mtu mmoja. Baba alikuwa Urusi mwaka wa tatu, akijenga maghorofa ya watu wengine.

Katika mji wetu wa Istaravshan watoto hushindana kwa beti. Mmoja anasoma ubeti, na mwenzake anajibu kwa ubeti unaoanza na herufi iliyomalizia ule wa kwanza. Sharti lake ni moja: ubeti uwe wa mshairi wa kale, usiwe wa kujitungia. Mwaka ule mshindi wa shule angesoma mbele ya mji mzima siku ya Navruz, sikukuu yetu ya mwaka mpya. Baba alikuwa ameniambia kwenye simu, "Ukichaguliwa kusoma, Savri, nitaomba ruhusa nije." Basi nilitaka kushinda kuliko nilivyotaka kula.

Tulibaki wawili, mimi na Dilovar, mtoto wa mwoka mikate. Alisoma ubeti ulioishia na U, na mimi beti zangu za U zilikuwa zimekwisha.

"Vipi, chiriku, sauti imekauka?" akanitania. "Nenda kanywe chai, urudi mwakani!"

Darasa likacheka. Nikafungua mdomo, ukatoka ubeti nilioutunga asubuhi ileile:

*Umekwenda, msafiri, bakuli lako mezani;*
*Theluji ndiyo mgeni abishaye mlangoni.*

"Wa nani huo?" akauliza Mwalimu Hoshim.

"Wa... wa Mavlono Kuhsori," nikasema. "Wa zamani sana."

Jina hilo nililiokota hewani. Watu wakapiga makofi. Maskini Dilovar alishughulika kumtafuta Kuhsori kichwani mwake hadi muda ukamwishia, nami nikatangazwa mshindi.

Kesho yake alinifuata uwanjani, uso umemshuka.

"Savri, niazime hicho kitabu cha Kuhsori. Baba kanigombeza, ati mimi mvivu. Yeye anasema anamjua tangu utotoni."

Ningecheka, lakini moyo uliniuma. Dilovar alikuwa amesoma majira yote ya baridi, mikono imejaa unga, na mimi nilikuwa nimemnyang'anya haki yake kwa maneno matatu. Nilijua pia kwamba nikisema kweli, Baba hatakuja. Nilizunguka uwanja mara mbili, kisha nikaingia kwa Mwalimu Hoshim.

"Mwalimu, ule ubeti ni wangu. Kuhsori hayupo."

"Najua," akasema, bila hata kuinua macho kwenye madaftari. "Nyumbani kwenu mna meza?"

"Hatuna. Tunatandika kitambaa sakafuni."

"Hata hao wa kale walitandika. Meza umeileta kwa ajili ya kina tu. Nilikuwa nakusubiri uje mwenyewe."

Nikasimama mbele ya darasa, nikaeleza yote na kumwomba Dilovar radhi. Ushindi akapewa yeye. Alinuna kidogo, halafu akaniambia, "Haya, yamekwisha. Sasa nani atamwambia baba yangu kwamba anamjua mtu ambaye hajazaliwa?"

Ijumaa Baba alipiga simu nyumbani kwa jirani yetu, Bibi Oyniso, kama kawaida yake. Nilishika mkono wa simu kwa mikono miwili.

"Baba, sitasoma siku ya Navruz. Nilidanganya." Nikamweleza huku nalia.

"Hebu nisomee huo ubeti."

Nikausoma. Nikawa nasikia mashine zikinguruma nyuma yake.

"Savri," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "ningeambiwa ni wa marehemu fulani, ningesema mzuri, nikarudi kwenye saruji yangu. Nisingejua kama ni wewe unanisubiri. Uongo unaiba mara mbili, binti yangu. Umemwibia mwenzako ushindi, na mimi ulitaka kuniibia mwanangu. Umefanya vizuri kusema. Andika tena, lakini weka jina lako."

"Kwa hiyo huji?"

"Nitakuja. Mtu akiitwa hivyo na mwanawe, hahitaji sherehe ili aje."

Navruz ile hakupata ruhusa. Alikuja miezi kadhaa baadaye, wakati wa kuvuna zabibu, amekonda, mikono imepasuka kwa saruji, na hakurudi tena Urusi. Jioni alikuwa ananiambia, "Haya, leo umeandika nini?" nami namsomea, naye anasikiliza mpaka mwisho, hata pale palipostahili kuchekwa.

Leo Baba ni marehemu. Watu wanasema naandika vizuri, na kila shairi lina jina langu chini yake, kama alivyoniagiza. Lakini ningekubali kuandika vibaya tena, mradi awepo yule wa kuniuliza nimeandika nini.