Tawi Nyuma ya Datsun

Awuor alitaka samaki, ngege. Si ngege wa sokoni, alisema, ngege wa Dunga, aliyetoka majini leo. Mke mwenye mimba ya miezi saba habishani nawe. Anakupa tu saa ya kurudi.

Saa kumi na mbili jioni, basi, nikatoa gari.

Nasema "gari" kwa heshima. Kwa miaka mitatu lilikuwa mifupa ya Datsun ya zamani juu ya mawe, uani kwangu Nyalenda, kuku wakitaga mahali pa injini. Rafiki yangu Byron Opondo, fundi, ndiye aliyeniletea bodi, kisha vipande vyake: mlango mwezi wa kwanza, boneti wakati wa Pasaka, kiti baada ya mvua. Vyote, alisema, vya karani mstaafu wa Siaya. Nikapiga msasa, nikapaka rangi. Tukaweka injini mpya yenye nguvu mara mbili, rimu pana, na ekzosi iliyokohoa kama mheshimiwa kabla ya hotuba. Kila kipande kilikaa mahali pake bila kubembelezwa. Nikadhani ni ufundi.

Mchanga tu ndio ulionishangaza. Ndani ya milango, mchanga mwembamba na magamba ya konokono wa majini.

Na kitu kimoja Byron hakuniruhusu kugusa.

"Breki niachie mimi, Mwalimu."

Jioni ile alikuwa amemaliza kufunga kipande cha mwisho, usukani. Tukaenda pamoja.

Kwenye mteremko wa kuingia Dunga, pale barabara inapokaribia maji, gari likazima. Halikukohoa. Lilizima tu, kama taa.

Vyura nao wakanyamaza.

Byron akashuka, akavunja tawi bichi kando ya barabara. Sasa, kila dereva wa nchi hii anajua kazi ya tawi: gari limekwama. Pembetatu nyekundu imo katika sheria, tawi limo barabarani, na askari wa trafiki atakayekukamata kwa kukosa pembetatu ni yuleyule anayepunguza mwendo akiona tawi. Sikushangaa.

Lakini Byron hakuliweka barabarani. Alishuka nalo hadi ukingoni, akalichovya majini. Alikuwa ananong'ona.

"Unaongea na nani?"

"Na injini."

"Injini iko huku, omera."

Hakucheka. Byron hucheka hata matangani. Alirudi, akalifunga tawi kwenye bampa ya nyuma, ncha ikigusa lami.

"Sema, twende nyumbani."

"Nani, mimi?"

"Gari ni lako, Mwalimu. Likusikie wewe."

Nikasema kwa sauti ya mzaha: "Haya, twende nyumbani."

Injini ikawaka.

Sikuwa nimegusa ufunguo.

Samaki tuliwasahau. Tawi lilikwaruza lami nyuma yetu njia nzima... krrr... krrr... Langoni Byron alilifungua, akalitupa ndani ya ua wangu, akaondoka kwa miguu bila kuaga.

Awuor alikuwa amesimama mlangoni, mkono tumboni.

"Huyo mgeni wa nyuma hashuki?"

"Mgeni yupi?"

Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu. Nikakipapasa. Kilikuwa kimelowa. Kilinuka maji ya ziwa... na mafuta ya breki.

Kwetu Busia, kama kwa kina Awuor, mtu akifa ajalini watu huenda mahali pale na tawi. Humwita, kisha huliburuta tawi mpaka nyumbani, ili roho isibaki njiani. Nimefanya hivyo mwenyewe kwa mjomba wangu. Kwenye kijia cha kijijini ningelitambua mara moja. Lakini juu ya lami tawi ni la gari bovu, basi. Hapo ndipo niliponaswa.

Usiku huo Awuor aliota. Mwanamume, shati likichuruzika, amesimama miguuni pa kitanda.

"Anashukuru umemkaribisha," aliniambia asubuhi. "Anataka mtoto aitwe jina lake."

"Jina gani?"

"Alipofungua mdomo, yalitoka maji."

Wiki iliyofuata nilikwenda ofisi ya usajili kuhamisha umiliki wa gari. Karani alisoma namba ya chesisi, akanitazama juu ya miwani.

"Mwenye gari ni Absalom Opondo. Aje mwenyewe, na picha mbili."

"Opondo? Una hakika?"

Akageuza karatasi. "Aa. Hapa wanasema amefariki. Gari liliingia ziwani, Dunga." Akafikiri kidogo. "Basi alete picha moja."

Absalom. Byron alikuwa na kaka mmoja tu, na hilo ndilo jina lake. Aliniambia aliuawa na malaria.

Nilimkuta gereji, chini ya lori. Niliona viatu tu.

"Kwa nini mimi, Byron?"

Spana ikaacha kugonga.

"Breki zake aliniletea mimi," sauti ikatoka chini ya lori. "Nilimwambia ziko sawa... Sikuwa nimezigusa."

Nikachuchumaa kando ya lori.

"Hakuna aliyeenda kumwita pale majini. Ni mimi niliyepaswa kwenda. Sasa kila mke wangu Agneta akishika mimba, kaka huja ndotoni. Anataka kuzaliwa kwangu. Ningemleaje, Mwalimu? Ningemtazamaje machoni akikua?"

"Miaka mitatu umekula mezani kwangu."

"Kwako hana kesi na mtu. Wewe ni mtu mzuri."

Sijawahi kutukanwa vibaya hivyo.

Jioni hiyohiyo niliburuta tawi kurudi Dunga, nikalitupa majini, nikamwambia abaki. Asubuhi lilikuwa ndani ya lango langu. Bichi. Limechipua.

Mtoto akazaliwa, wa kiume, na akalia. Akalia siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Titi hakulitaka. Kliniki walimpima, wakaandika "mzima" na kuweka muhuri. Mama mkwe, Mama Perez, alikuwa na kipimo chake: mtoto hulia hivi akidai jina la marehemu fulani, na likitajwa la kweli hunyamaza. Akamwinamia sikioni.

"Opiyo?"

Kilio.

"Ochieng?"

Kilio. Akataja la baba yangu, la babu zangu wote wawili, la mjomba. Kilio.

Mimi nililijua jina. Nilikaa kimya siku tatu nzima. Nilijiambia nisipolitaja, mtoto ni wangu.

Siku ya tatu jioni sauti yake ilikwisha. Mdomo wazi, uso umekunjamana, wala haukutoka mlio. Midomo ilikuwa imekauka kama karatasi.

Awuor aliniangalia.

"Wandera. Kama unalijua, liseme."

Nikainama.

"Absalom."

Kimya.

Akafumba mdomo. Akageukia titi, akanyonya kama mtu aliyefika.

Na uani, ndani ya Datsun niliyoifunga kwa ufunguo, pedali ya breki ikakanyagwa. Fss. Ikangoja. Fss... Fss.

Nilipokwenda kuandikisha kuzaliwa kwake, karani alisema ni jina zuri. La babu?

"La mwenye gari," nikasema.

Akaandika jina peke yake. Fomu haina nafasi ya mengine.

Sasa ana miezi minane. Hasumbui. Halii kabisa. Nikimlaza chali hunisukuma kiganja kwa mguu wa kulia. Wa kushoto hautumii. Anakanyaga mara moja, mbili, tatu, haraka haraka, kisha anashindilia mpaka mwisho na kuubakiza hapo, macho yameganda mbele, kama mtu aliyekanyaga kitu kikakataa kushika.

Byron amehamia Bondo. Sijamwambia hilo la mguu. Hanipigii kuomba msamaha, wala kuuliza habari za gari. Kila Jumapili ananiuliza jambo lilelile, kwa sauti ya chini, kama anayeogopa kusikiwa na mtu mwingine hapa nyumbani.

"Mwalimu... ameanza kuongea?"

"Bado," namwambia.

Na mtoto, aliye chumba cha pili, mlango umefungwa, anacheka.