Nimekuacha Mlango

Walikutana kwenye mashine ya kukoboa mpunga pale Kibaoni, msimu wa mavuno, vumbi la pumba likimtia kila mtu mvi. Apolonia alivaa gauni la kitenge cha njano. Evaristo, ambaye mdomo wake haukuwa na breki, alimwambia amependeza mno kwa mtu aliyefuata mchele tu. Wakataniana, wakapendana, wakaanza kuishi pamoja Ifakara huku wakipanga harusi.

Kisha kiharusi kikampiga Evaristo, kikamwibia maneno. Yalirudi kidogokidogo, mengine yakiwa yamekatika mikia. Hata hivyo, "nimekupikia" alisema, "nimekuletea" alisema, na Apolonia akajiona anamwelewa.

Jioni moja Apolonia alikuwa njiani akitoka Mofu kwa mama yake, simu ikaita.

"Polo. Nimekuacha."

"Umeniacha? Nimekosa nini, mpenzi?"

"Nimekuacha," Evaristo alirudia, akihema, akitafuta neno jingine.

Apolonia hakulisubiri. Alikata simu, akaizima. Mtu anayetamka "nimekupikia" vizuri vile angekosaje kujua anachosema? Akaenda Mang'ula, akapanga chumba, akawa anashonea watu nguo na kula peke yake huku redio ikimsemesha. Upweke ulimla hasa. Gaudensi, askari wa hifadhi, mtu mpole, alipomvisha pete ya uchumba, Apolonia alikubali kwa kuchoka ukimya wa chumba kile.

Ifakara alirudi kuchukua cherehani yake tu. Akamkuta Evaristo anakula na dada yake, Levina. Evaristo alisogeza bakuli.

"Dada, nimekuacha mchuzi."

Levina akapokea, akaendelea kula. Apolonia alimuuliza Levina kaka yake anasema nini.

"Kaniachia mchuzi. Hospitali walitueleza, hizo 'ch' na 'i' zinatamkiwa karibu mno mdomoni, ulimi wake unaimeza 'i'. Kupikia anaweza. Kuachia hawezi. Kwani hukujua, wifi?"

Apolonia akavuta kigoda. Akakaa.

"Siku ile uliniachia nini?"

"Mlango," Evaristo alisema taratibu. "Wazi."

Alikuwa amemsubiri mpaka asubuhi. Apolonia alilia bila kujificha. Evaristo akaushika mkono wake, akaiona pete, akauachia.

"Umeniacha," alisema.

Levina alifungua kinywa amsahihishe. Apolonia akamzuia.

"Hapana, wifi. Hilo kalitamka sawasawa."