Besi ya Sakafuni

Kila duka katika jengo lile la vifaa vya umeme lilikuwa likipiga wimbo wake, na wateja walisemezana kwa kusogezeana midomo masikioni. Mwalimu wa dansi aliingia duka la katikati, amevaa gauni la rangi ya machungwa na viatu bapa. Hakuuliza bei. Alikwenda moja kwa moja kwenye spika ndogo nyeusi, akaiwekea kiganja, akafumba macho.

"Dada, spika husikilizwa," muuzaji alimwambia. "Wewe unaipima homa."

"Na homa haina. Imepoa kabisa."

Muuzaji alicheka. Alikuwa kijana mrefu, shati limenyooshwa kwa pasi mpaka likang'aa. Akaongeza sauti. "Sikia. Kila neno unalipata, hata pumzi anayovuta mwimbaji. Haina waya, unaibeba kama mkoba. Una ipi inayoishinda?"

"Ukumbini kwangu nina mbili za mbao, za marehemu mjomba. Zinanifika kiunoni. Moja koni yake, ile karatasi ya kutolea sauti, imechanika, inakoroma, na maneno ya wimbo ni ya kubahatisha. Lakini besi yake..." Akatabasamu kama aliyekumbuka jambo tamu. "Basi tu."

Aliondoka bila spika, ila namba ya simu ya muuzaji aliichukua. Tangu hapo, kila jioni, simu ya muuzaji haikukosa kuita, na mwalimu akambandika jina la utani.

"Bwana Besi, umefunga duka?"

"Nimefunga, laazizi. Masikio yanavuma, na katikati ya mvumo nakusikia wewe."

"Muongo."

"Muongo wako."

Bwana Besi akaanza kuhudhuria darasa la dansi. Mchana wa Jumamosi jua liliingia kwa madirisha marefu, vumbi likaelea kama unga, na mwalimu akamwongoza taratibu juu ya sakafu ya mbao mpaka akasahau ana miguu. Pembeni alicheza mdogo wake mwalimu, binti wa miaka kumi na minane, peku, bila kukosea pigo hata moja. Bwana Besi alimsalimu, binti akatabasamu bila kujibu. Akadhani ni haya. Mwalimu hakumweleza lolote. Mdogo wake hakutaka kuonewa huruma.

Mwalimu aliposafiri kwenda harusi ya binamu yake, Bwana Besi aliamua kumshangaza. Alileta ukumbini spika mpya nne, akazipanga vizuri, na zile za mbao akampa seremala wa mtaa wa nyuma.

Siku ya kwanza ya darasa baada ya mwalimu kurudi, muziki ulitoka safi kama maji ya glasi. Wanafunzi wakapiga makofi. Mdogo mtu akavua viatu, akasimama katikati, akatazama nyayo zake. Hakucheza. Alivaa viatu, akatoka.

Simu iliita dukani.

"Za mbao ziko wapi?"

"Kwa seremala, mpenzi. Zilikuwa zimechoka, nikaona..."

"Mdogo wangu hasikii. Tangu utotoni hasikii. Muziki wake ulikuwa unapanda kutoka sakafuni."

"Mbona hukuniambia?"

"Na wewe mbona hukuniuliza?" Akakata.

Bwana Besi alikwenda mbio kwa seremala. Sanduku moja lilikuwa limeshafumuliwa, mbao zake zimekuwa rafu ya vyombo. Alimsihi mpaka mzee akakubali kuifumua na rafu. Kwa wiki kadhaa, kila alipofunga duka, alishika randa na gundi huko, akabadilisha koni iliyochanika, akapiga simu isiyopokelewa.

Alipozirudisha ukumbini, mdogo mtu ndiye aliyefungua mlango. Bwana Besi aliziunganisha, akaziweka zile mpya juu ya hizo za mbao, kisha akaandika kwenye simu: *Nionyeshe unavyosikia.*

Binti alimvua viatu. Akamziba masikio kwa pamba. Akawasha muziki.

Mwanzo hakupata kitu. Kisha besi ikampanda visiginoni, ikapita magotini, ikakaa kifuani. Ilikuwa kama kusimama juu ya mgongo wa mnyama mkubwa aliyelala, anayehema polepole. Alifumba macho, akayumba nayo. Alipoyafumbua, mwalimu alikuwa mlangoni, na mdogo wake alikuwa anacheza.

"Nisamehe," Bwana Besi alimwambia mwalimu. Kwa sababu ya pamba, alipaza sauti bila kujua. "Nilitaka kukupa kizuri, nikakunyang'anya kilicho bora. Nikubalie nikuoe, na kila kitu nitakuuliza kwanza."

Mwalimu alimsogelea, macho yamelowa. Midomo yake ilisema kitu kifupi.

Bwana Besi hakukisikia. Aligeuka kumtafuta binti, aliyezoea kusoma midomo ya dada yake kuliko mtu yeyote. Binti aliacha kucheza, akamtazama kwa muda akijifanya anafikiri, kisha akatikisa kichwa kukubali.