Jina Lisilo na Mtu

Mstari wa kumi na tano haukuandikwa na Marit Myhre.

Aliihesabu tena mistari ile kwa kidole juu ya skrini, koti likiwa bado mwilini na theluji ikiyeyuka kwenye buti zake. Jana yake, Jumatatu, kabla ya kufunga kazi, alikuwa ameuliza maswali kumi na manne katika mtambo wa kutafutia habari walioupa herufi A, yote kwa jina la mtu wa kubuni, Ragna: dawa ya maumivu ya mgongo, sufu ya kufumia, nauli ya treni ya kwenda Chicago, na mengine ya namna hiyo. Daftari lake lilikuwa na maswali kumi na manne. Historia ya mtambo ilionyesha kumi na tano, na la mwisho liliandikwa saa moja na dakika arobaini asubuhi hiyo, ofisi ikiwa bado imefungwa.

Lilikuwa la maneno matatu tu: mama yuko wapi.

"Deeqa," aliita. "Umepita hapa mapema leo?"

Deeqa Warfaa, mwenzake wa meza ya pili, alikuwa akifungua skafu ya shingoni juu ya mtandio wake. "Mapema? Kwa barabara zile? Ndiyo kwanza nafika, dada. Hata chai sijaigusa."

Lyle Brandvold, mhariri wao, alichungulia mlangoni na kikombe chake cha kahawa. "Basi ni Ragna mwenyewe. Afadhali, humu ndani kuna mfanyakazi mmoja anayewahi kazini."

Wakacheka, na Marit akacheka nao. Akaandika pembeni mwa daftari: hitilafu, ichunguzwe.

Gazeti lao, Mizani, lilikuwa na ofisi ghorofa ya tatu juu ya duka la vifaa vya ujenzi, mjini Saint Paul, Minnesota. Halikuchukua matangazo ya mtu. Lilipima majokofu, mashine za kusukuma theluji na viti vya watoto vya magari, na wasomaji wake walilisadiki. Desemba ile lilikuwa linapima mitambo minne ya kutafutia habari kwenye intaneti: upi ni mwepesi kutumia, na upi unatunza siri za mtu. Ili wapimaji wasivutwe na sifa za majina, Lyle aliyaondoa na kuweka herufi. A ulihifadhi kila ulichouliza, lakini ulikuonyesha ulichohifadhi. B ulihifadhi na kuwauzia wenye matangazo. C ulikuwa mzito kama kuni mbichi. D ulikuwa mpya, na ukurasa wake mweupe ulikuwa na kisanduku kimoja na maneno mawili chini yake: Hatukumbuki chochote.

Kupima faragha kulihitaji mtu wa karatasi. Mpimaji alimbuni, akampa jina, umri, maradhi na anavyovipenda, kisha akauliza maswali kwa jina hilo siku baada ya siku, aone ni nani atakayemfuata. Sharti lilikuwa moja: jina lisiwe la mtu yeyote, aliye hai wala aliyekufa. Kabla ya kulitumia, lilitafutwa katika mitambo yote minne. Yote ikijibu kwamba hakuna matokeo, jina lilihesabiwa kuwa safi.

Marit alimwita mtu wake Ragna Lisbet Kvamsdal. Ragna, bila h. Lisbet, bila e mwishoni. Kvamsdal lilikuwa jina la shamba la wazee wa mama yake huko Norwei, ambalo ukoo uliliacha ulipovuka bahari. Mitambo yote minne ilijibu kwamba hakuna matokeo, na Lyle akatia sahihi.

Jambo ambalo Marit hakumwambia Lyle, wala mtu mwingine, ni kwamba Ragna Lisbet lilikuwa jina la binti aliyemzaa miaka kumi na mmoja iliyopita, ambaye hakulia. Halikuandikwa kwenye cheti wala kwenye jiwe la kaburi. Alilitamka mara moja, sikioni mwa mtoto yule, kabla hawajamchukua. Hakuwa na nia mbaya alipolichagua. Alitaka tu kuliona limeandikwa mahali.

Jumanne hiyo hiyo, mtambo B ulianza kukosea. Fomu ilisema kwamba Ragna ana miaka thelathini na minne, mgongo mbovu, na anapenda kufuma. B ukamletea matangazo ya nepi. Jumatano ukamletea viatu vya mtoto anayeanza kutembea. Alhamisi asubuhi ilikuwa mikoba ya shule na skii fupi za kujifunzia.

"Huo umechanganyikiwa," Lyle alisema. "Andika: usahihi wa matangazo, sifuri."

"Haujachanganyikiwa, bosi," Deeqa alijibu polepole. "Tazama mfuatano wake. Mtoto anakua."

"Kwa siku tatu? Wangu wangekua hivyo ningeokoa pesa nyingi."

Mchana wa Alhamisi likaja tangazo la zawadi kwa msichana wa miaka kumi na mmoja. Baada ya hapo matangazo hayakusonga mbele tena. Marit aliyatazama mpaka macho yakamuwasha, na hakuandika kitu.

Siku hiyo ndipo harufu ilipoanza. Deeqa alidhani ni jokofu la ofisi, akatupa krimu ya kahawa ya Lyle na sufuria ya viazi na nyama iliyobaki kwenye chakula cha pamoja cha wiki iliyopita. Harufu haikuondoka. Haikuwa jikoni, ilikuwa katika chumba cha majaribio, harufu ya maziwa yaliyochachia nguoni, na Marit aliijua kabla hajaingia, kwa sababu ndiyo aliyoisikia kwenye mwili wake mwenyewe juma lile la miaka kumi na mmoja iliyopita, maziwa yalipokuja na hakukuwa na wa kunyonya. Akasimama kizingitini. Ndani, mbele ya kompyuta nne zilizofunikwa kwa vifuniko vya plastiki, kibodi moja ilikuwa ikigongwa, herufi moja, kisha kimya, kisha herufi nyingine, kama anavyogonga mtoto anayejifunza na anayetafuta kila herufi ilipo.

Ijumaa asubuhi mtambo A ulikuwa na mistari mitatu mipya.

Tilda analala upande gani wa kitanda.

Mama humwita Tilda mara ngapi kwa siku.

Jinsi ya kumtoa mtu kwenye jina lake.

Daftari lilimponyoka. Tilda alikuwa binti yake wa miaka sita, mtoto pekee aliyenaye, na waliishi wawili tu, kwa kuwa baba yake mtoto alikuwa amehamia mji wa Fargo. Katika ofisi ile Marit alikuwa ameliandika jina la Tilda mara moja tu, siku ya kwanza, na hakuliandika katika A. Aliliandika katika D. Kila mpimaji alifanya hivyo. Ya kazi uliyatafuta katika A na B na C, na yako ya siri uliyatafuta katika D, kwa sababu D haukukumbuka chochote. Siku ile D ulimpa tokeo moja: picha ya timu ya hoki ya watoto wa mtaani kwao, Tilda akiwa mstari wa pili, wa tatu kutoka kushoto, bila meno ya mbele, na jina lake limeandikwa chini. Marit alitabasamu, akafunga.

Sasa alikwenda kukaa kando ya Deeqa, akamweleza yote kwa sauti ya chini, hata la hospitali.

Alipomaliza, Deeqa alimshika mkono. "Dada, hilo jina ulilitamka, kisha ukaliacha bila mwenyewe?"

"Mwenyewe alikufa."

"Hukumpa mbele ya watu. Hakuna aliyelijua. Halafu umeliweka hapa wiki nzima unaliita, unalilisha, unalibunia maradhi na vitu vya kupenda. Kwetu tungesema umejenga nyumba ukaacha mlango wazi."

"Kwa hiyo ni yeye? Ni mwanangu?"

"Hapana! Usiseme hivyo hata kwa mzaha. Mwanao amepumzika. Huyu ni mwingine kabisa, amekuta jina tupu, akaingia."

Saa sita mchana, baada ya Deeqa kumpigia simu, alikuja ami yake, Sheikh Guuleed, dereva wa basi la shule, mwenye nafasi kati ya zamu ya asubuhi na ya alasiri. Alivua buti zake mlangoni mwa chumba cha majaribio, akanusa.

"Mama Tilda," alisema, "mimi si mtu wa maneno mengi, na basi linanisubiri. Mambo ni mawili. La kwanza, mfute popote ulipomwandika, nami nitasoma. La pili, jina lirudi kwa mwenyewe. Lisemwe mbele ya watu, liandikwe kwenye jiwe la mtoto. Hilo huwezi kufanyiwa."

"Ardhi imeganda, Sheikh. Fundi wa mawe haweki jiwe mpaka Aprili."

"Karatasi haigandi. Waite ndugu zako hata leo, uwasomee."

Marit aliinamisha kichwa. Mama yake alikuwa hai, kanisa lilikuwa mtaa wa pili, na kwa miaka kumi na mmoja hakuwa amemtajia mama wala mtu wa kanisani jina lile. "Aprili," alisema. "Nitalifanya vizuri, Aprili."

"Aprili ni mbali," Sheikh alisema, akaanza kusoma.

Alisoma kwa sauti ya chini, bila kupumzika, huku Marit akiufungua mtambo A na kuibonyeza amri ya kufuta, na mtambo ukamuuliza kama ana hakika, naye akajibu ana hakika, na papo hapo harufu ya maziwa ikapanda mpaka Deeqa akaziba pua kwa mtandio, taa za dari zikafifia, na chini ya vifuniko vya plastiki kibodi zote nne zikaanza kugongwa kwa pamoja, si polepole tena bali kwa pupa, kama mvua ya mawe juu ya bati. Akaufuta B, ukamuuliza kama ana hakika, akaufuta C, uliochelewa na kuchelewa huku kiduara chake kikizunguka na kitu kikilia ukutani, kilio chembamba cha mtoto mchanga, kile kile ambacho Marit alikuwa amekisubiri miaka kumi na mmoja iliyopita bila kukisikia, hata machozi yakamtoka na mkono wake ukalegea, na Sheikh akapandisha sauti, na Deeqa akamsukuma kidole chake juu ya kitufe kwa nguvu.

Kimya. Harufu ikakatika.

"Wa mwisho," Sheikh alisema, jasho likimtiririka.

Marit akaufungua D. Ukurasa mweupe, kisanduku kimoja. Akatafuta mahali pa kufuta. Hapakuwapo. Hapakuwa na akaunti, wala historia, wala orodha.

"Hapa hakuna cha kufuta," alisema. "Hauhifadhi kitu."

"Uliliandika jina lake humu?"

"Kila siku."

Sheikh alikitazama kisanduku kile kama mtu anayetazama kisima kisicho na mwisho. "Katika hiyo mingine nilimwona alipokaa, nikamtoa," alisema. "Humu simwoni. Sijui kama ametoka au amejificha." Akatazama saa, akavaa buti zake. "Usingoje Aprili, mama."

Jumamosi alasiri Marit alikaa nyumbani, kwenye meza ya jikoni, kumalizia makala. Nje jua lilikuwa linazama, saa kumi na nusu. Tilda alikuwa sebuleni, ameinamia picha anayoipaka rangi. Simu ilikuwa kando ya kompyuta. Mara mbili Marit alikuwa ameichukua ampigie mama yake, na mara mbili akairudisha mezani.

Lyle alitaka alama kabla ya saa kumi na moja. Urahisi wa kutumia, mtambo D: tisa kwa kumi. Faragha, mtambo D: kumi kwa kumi. Alikuwa ameshaziandika. Ilibaki kuhakikisha mara moja tu, kama kazi inavyotaka. Akaufungua D, akaandika jina la binti yake kwa uangalifu, herufi kwa herufi: Tilda Myhre.

Hakuna matokeo.

Akadhani amekosea. Akaandika tena, akaongeza jina la mtaa na la timu. Hakuna matokeo. Akaenda kwenye A, kwenye B, akausubiri C uzunguke mpaka ukamaliza. Yote minne ilijibu sawasawa, kama inavyojibu jina linapokuwa safi.

Vidole vyake vikaandika lile jingine bila yeye kuviruhusu. Ragna Lisbet Kvamsdal.

Tokeo moja. Timu ya hoki ya watoto, mstari wa pili, wa tatu kutoka kushoto, bila meno ya mbele.

"Tilda," aliita.

Mtoto aliendelea kupaka rangi.

"Tilda! Tilda, mama anakuita."

Penseli ilikwenda na kurudi juu ya karatasi. Hakugeuka hata kidogo, kama vile anayeitwa yuko nyumba ya jirani. Kutoka sebuleni ikaja harufu ya maziwa.

Marit aliishika simu, akampigia mama yake. Ililia mara tatu, ikapokelewa, na kabla mama hajauliza kitu akasema, kwa sauti ambayo haikutaka kutoka, "Mama, kuna jina sikukwambia. Jina la mtoto wangu. Anaitwa Ragna—"

"Naam, mama," alijibu mtoto sebuleni, akageuka.