Kitambaa cha Chumba cha Mafaili

Haya yalimpata shoga yangu, mfagiaji wa jengo moja la ofisi, na mpaka leo akiyasimulia hujishika kifua.

Chumba cha mafaili hakikuwa na dirisha, ila tundu la hewa juu ukutani. Tundu lile lilimwaga vumbi kwenye sakafu aliyokwisha kupiga deki, basi akaliziba kwa kitambaa. Mzee wa mafaili akalalamika, "Mama, mbona humu hewa nzito?"

"Uzito huo ni miaka yako, babu!" akamtania, wakacheka wote wawili.

Wiki ileile mzee akakutwa amelalia meza, amekufa. Chumba kikafungwa. Shoga yangu hakumwambia mtu habari ya kile kitambaa.

Baadaye akaja fundi wa kupima hewa, akafunguliwa kila chumba, hata kile, akaweka vifaa vyake. Mchana mmoja akamwita. "Mama, nani yuko kwenye mafaili? Kipimo kinapanda, na hiki hupanda watu wakipumua."

"Hamna mtu, mwanangu. Ufunguo ninao mimi."

Akaona heri akitoe kile kitambaa kabla fundi hajakiona. Akaingia, akarudishia mlango. Taa ikagoma kuwaka. Gizani akasikia pumzi ndefu, za kukwamakwama, zikitoka juu ukutani. Akapanda kiti, akapapasa, akavuta.

Kitambaa kilichokaa humo miezi kilikuwa na joto, tena kimelowa, katikati tu, upana wa mdomo wa mtu.