Aliyeshika Upande wa Pili wa Shuka

Wiki ileile waliyomzika Bibi, Tone alikuta gauni la marehemu limeanikwa uani, linachuruzika maji.

Si yeye aliyelifua. Nguo za Bibi zote zilikuwa sandukuni, chini ya kitanda, na nyumba ile sasa ilikuwa na mtu mmoja tu. Akalishika. Lilikuwa zito, na halikunuka sabuni. Lilinuka mtaro.

"Ni uchovu tu huu," akajiambia, akarudi kwenye mabeseni. Mashuka ya nyumba ya wageni hayajui msiba.

Udobi aliurithi. Bibi alifua nguo za watu tangu usichana wake mpaka mgongo ukapinda na kubaki hivyo. Binti yake alipofariki kwa uzazi, kichanga alichoacha kilikuwa kidogo mno, hata mkunga akashindwa kumtazama Bibi usoni. Bibi, mvi kichwa kizima, alikifunga kifuani kwa kanga, akakiita Tone, akainamia beseni lake. Majirani wakamshauri atafute mtu wa kumlelea.

"Kwani mimi ni nini, sanamu?" akawauliza.

Alimnywesha maziwa kwa kijiko cha chai, tone baada ya tone. Alimsomesha kwa mikono iliyochubuka kwa magadi. Tone alipougua homa ya manjano, Bibi alikaa pembeni ya kitanda hadi miguu ikavimba. Hakuna aliyewahi kumsikia akisema amechoka. Ukimuuliza, alijibu kwamba mikono ndiyo inayolalamika, yeye hayumo.

Sasa, kuna kazi ya udobi isiyofanywa na mtu mmoja, nayo ni kukunja mashuka. Mmoja hushika huku, mwingine kule, wanavuta mpaka likaze, kisha wanakunja wakisogeleana hadi mikono ikutane. Kila alasiri, tangu Tone alipokuwa akipandishwa juu ya kigoda ili afikie, Bibi aliita, "Tone! Njoo unishikie." Na mikono ilipokutana alimfinya kidole, akacheka.

Alasiri hiyo hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Tone alianua shuka moja, akalishika pembe mbili, akabaki amesimama, hajui upande wa pili aufanyeje. Mazishini hakulia. Hapo akalia.

"Tone! Njoo unishikie."

Sauti ilitoka nyuma ya mashuka yaliyokuwa bado kwenye kamba. Upande wa pili wa shuka ukainuka kutoka chini polepole, ukapenya katikati ya mashuka mawili yaliyoanikwa, ukakaza.

Mwingine angetoka mbio. Tone alivuta.

Akakunja, akapiga hatua. Huko nyuma nako kukakunjwa. Kwenye shuka lililoning'inia kikajichora kichwa, yakafuata mabega yaliyoinama. Kabla mikono haijakutana, shuka likaachiwa, na uani pakanuka mtaro.

Kesho yake akaitwa tena, na keshokutwa. Kila alasiri lile umbo lilisogea zaidi kidogo. Tone akaacha kwenda sokoni, akaacha kula. Wenye nguo wakaanza kulalamika kwamba mashuka yanarudi yananuka uvundo. Yeye alisubiri alasiri tu.

Mjomba, mwana wa Bibi, fundi baiskeli, alipopata habari hizo akaja mwenyewe, mikono bado ina grisi. Akapitia mlango wa jikoni, akasimama kizingitini, akaona mpwa wake akicheka peke yake huku shuka limenyooka hewani mbele yake, na nyuma ya kamba mtu aliyeinama kama marehemu mama yake alikuwa akikunja, akisogea, akikunja, na chini ya pindo la mashuka, pale palipotakiwa kuwa na miguu, palikuwa na maji meusi yaliyosimama wima, yakipiga hatua.

Akamvuta mpwa wake ndani, akafunga komeo.

"Mama amekufa," akanong'ona. "Tumemzika mimi na wewe."

"Usiseme hivyo, Mjomba. Atasikia."

Mjomba akaenda kumwita mganga, mama mmoja wa makamo ambaye watu walimwita Bi Kimya kwa jinsi alivyoongea chinichini. Bi Kimya hakuja na mbwembwe. Aliuzunguka ua, akachuchumaa penye mtaro ambapo maji ya kufulia yalimwagwa miaka yote, akainamisha sikio. Alikaa hivyo kitambo.

"Huyu si mama yenu," akasema. "Ni mpangaji wa humu mtaroni."

"Anatutakia nini?" Mjomba akauliza.

"Jini hili limemsikia marehemu akimwita huyu binti tangu akiwa mtoto. Na marehemu alikuwa na adabu, hakumwaga maji ya moto bila kuomba waliomo wapishe. Nadhani hakuna binadamu mwingine aliyewahi kulisemesha. Nalo limefiwa, wanangu."

Tone akainua uso. "Basi liache likae. Lina ubaya gani?"

"Linataka mwenzake. Na linakokaa ni huko chini, kwenye maji. Mikono yenu ikikutana tu, mwanangu, huku hurudi."



"Litaondoka ukiliambia kwamba amekufa," Bi Kimya akaendelea. "Useme wewe mwenyewe, maana wewe ndiye linayekusikiliza. Lakini nikwambie kabisa, usije ukanilaumu. Litaondoka na lilichokivaa."

"Limevaa nini?"

"Sauti yake."

Alasiri ilipofika Tone akatoka uani peke yake. Mjomba na Bi Kimya walibaki mlangoni. Akashika shuka, likainuka upande wa pili, likakaza, akakunja mara moja, na safari hii lile umbo halikungoja, lilisogea haraka, likiburuta maji, mpaka kitambaa cha mwisho kilichowatenganisha kikamgandia Tone usoni kwa ubaridi, na nyuma ya kitambaa hicho, karibu kabisa na sikio, ile sauti iliyomlea ikasema kwa upole:

"Nimechoka, Tone. Njoo tukalale."

Moyo ukampasuka, kwa kuwa hapo alijua. Maisha yake yote hakuwahi kulisikia neno hilo likitoka kinywani mwa Bibi.

"Bibi yangu amekufa," akasema. "Alikufa alfajiri, nimemshika mkono. Nilimwosha mimi. Alinilisha kwa kijiko, alifua mpaka kucha zikang'oka, na mimi hakunichoka hata siku moja. Amekufa. Wewe si yeye."

Sauti ikauliza taratibu: "Unanifukuza, mjukuu wangu? Niende wapi?"

"Sijui," Tone akasema huku analia. "Hata mimi sijui niende wapi."

Akaliachia shuka.

Likaanguka chini tupu. Maji yakakimbilia mtaroni kwa kishindo, na ndani yake sauti ya Bibi ikaita, "Tone! Tone!" ikididimia, ikiwa nyembamba, hadi likabaki bomba la mtaro likikoroma tu.

Uvundo ukaisha. Wenye nguo wakarudi. Mjomba akawa anakuja alasiri kusaidia kukunja, akikunja kombo, grisi mpaka kwenye foronya, na Tone akifua upya bila kumwambia.

Siku moja wakiwa wamekaa ukumbini, Tone alifumba macho amkumbuke. Bibi alikuja mzima: pengo lake la mbele, pumzi yake, mdomo ukifunguka kuita. Haukutoa sauti.

"Mjomba," akasema, "Bibi alikuwa ananiitaje?"

"Tone," Mjomba akasema.

"Siyo hivyo."

"Tone!"

"Siyo. Alivyokuwa anaita yeye."

Mjomba akafungua mdomo, akaufunga. Akaitazama mikono yake.

"Nilidhani ni mimi tu," akanong'ona.