Ufunguo wa Kuba

"Malipo ya kroner elfu tisini yanapotea, Gunnvor! Setilaiti inapita baada ya dakika ishirini, na wewe unanificha ufunguo?"

"Nikufiche ili iweje? Hisa zangu nazo zimo humu, mjinga wewe!"

Haya alinisimulia Gunnvor mwenyewe, na si mtu wa porojo. Yeye na Sigbjørn ndio kampuni nzima ya kupokea data za setilaiti, wawili tu mlimani juu ya mji wa Vadsø, na dishi moja kubwa ndani ya kuba. Anayeingia humo hutia mfukoni ufunguo wa mota, mwenzake asije akawasha dishi likamsaga. Siku hiyo ndoano ya ufunguo ilikuwa tupu, na wote wawili walikuwa ofisini.

Wakatoka na tochi. Ilikuwa saa sita mchana, lakini Desemba huku kaskazini ya mbali jua halichomozi. Mlango wa kuba ulikuwa umekomewa kwa nje, na theluji mbele yake haikuwa na unyayo hata mmoja. Ufunguo ulikuwa juu ya theluji hiyo, karibu na kizingiti.

"Tuchungulie ndani kwanza," alisema Gunnvor.

"Uchungulie nini? Komeo limeganda! Tukimkosa mteja huyu, Januari tunafunga."

Gunnvor akauokota ufunguo. Wakarudi ofisini, Sigbjørn akawasha. Dishi likazunguka likinguruma, na data zikaanza kuingia.

Ndipo simu ya ukutani ikalia, ile iliyounganishwa na kuba. Gunnvor akapokea. Alisikia mota zikisaga, na katikati ya kelele hizo sauti ya mtu asiyemjua, isiyo na haraka:

"Nirudishieni ufunguo wangu."